Fasihi Iliyoachwa Uwanjani: Historia ya Gor Mahia na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Nchini Kenya yako majina matatu ya watabiri wa kale ambayo hutajwa kila uchao na watu wasiokumbuka kwamba wanawataja watabiri. La kwanza ni Masaku, ambalo katika ndimi za wageni liligeuka na kuwa Machakos. La pili ni Syokimau, mtabiri wa kike wa Wakamba ambaye masimulizi yanasema aliona nyoka mrefu akija kutoka baharini kabla reli haijajengwa. Jina lake leo limeandikwa kwenye kituo cha garimoshi kilichofunguliwa karibu na Nairobi mwaka 2012. La tatu ni Gor Mahia. Masaku ni mji, Syokimau ni stesheni, Gor Mahia ni timu ya kandanda.

Mji una wakazi na stesheni ina abiria. Timu ina waimbaji. Kati ya watabiri hao watatu, Gor Mahia ndiye pekee ambaye maelfu ya watu hukusanyika kuliimba jina lake, kulilia na kuligombania. Makala haya yanashikilia kwamba historia ya klabu hii ni mojawapo ya hazina kubwa za fasihi simulizi ya Kenya huru, kwamba sehemu kubwa ya hazina hiyo ilisimuliwa kwa Kiswahili, na kwamba wasomi wa Kiswahili wameiacha uwanjani ilowe mvua. Ili kuipima hoja hii ipasavyo, yafaa msomaji asianzie Nairobi wala Kisumu, bali mahali ambapo mtu hangetarajia kumkuta shabiki wa Gor Mahia.

Kutoka Kathonzweni

Kathonzweni ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Makueni, kwenye njia inayotoka Wote kuelekea Makindu. Ni nchi kavu. Mkulima wa huko hupanda ndengu, kunde na mbaazi akiwa ameinua macho mbinguni, na mvua ikimhini hana pa kuishtaki. Mengi ya matuta yanayozuia mmomonyoko katika mashamba ya Ukambani yalichimbwa kwa mwethya, ile desturi ya Wakamba ya kuifanya kazi ya mmoja kuwa ya wote. Si mahali penye klabu ya ligi kuu wala uwanja wenye majukwaa. Kutoka hapo hadi Kanyamwa, karibu na Ziwa Viktoria, alikoishi Gor Mahia mwenyewe, ni safari ya kuikata nchi kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Hata hivyo, mtu akiketi kibarazani mwa duka pamoja na wazee waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 na 1980, asishangae kuwasikia wakibishana juu ya Gor Mahia na AFC Leopards kana kwamba klabu hizo zilizaliwa Mavindini au Kitise. Wako watakaotaja kikosi kizima cha mwaka 1987, kuanzia mlinda lango hadi mshambulizi wa kati. Waulizwe waliuona mchuano upi kwa macho yao, nao watacheka. Waliona kwa masikio. Mkamba wa Kathonzweni asiyejua neno la Kijaluo aliipataje timu ya Wajaluo ikawa yake? Jibu la swali hilo ni Kiswahili, na ndilo linaloifanya historia hii kuwa shughuli halali ya jarida la Kiswahili.

Jina la mganga

Gor mwana wa Ogada alikuwa mtu wa Kanyamwa, katika eneo la Ndhiwa lililomo sasa katika Kaunti ya Homa Bay. Aliishi hadi mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa kiongozi na mganga aliyeogopwa. Neno mahia katika Kijaluo hubeba maana ya maajabu. Masimulizi yanamweleza kama mtu aliyeweza kujigeuza akawa kitu kingine, akatoweka mbele ya maadui huku wakimtazama, kisha akaibuka mahali wasipomtarajia. Mwanafunzi yeyote aliyesoma sifa za mighani atamtambua mara moja.

Tarehe 17 Februari 1968 jina hilo lilivishwa jezi. Luo Union, waliokuwa mabingwa wa taifa mwaka 1964, waliungana na klabu nyingine ya Wajaluo kuunda timu moja. Sababu haikuwa fumbo. Abaluhya United, klabu iliyoundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu za Waluhya, ilikuwa imetwaa ubingwa mwaka 1966 na tena mwaka 1967, huku Wajaluo wakigawanya wachezaji wao. Waanzilishi wa klabu mpya walihitaji jina ambalo lisingekuwa la upande wowote kati ya pande mbili zilizoungana. Hawakuchagua jina la mnyama mkali, la mto wala la mwanasiasa aliyekuwa hai. Walichagua mighani. Mwaka huo huo wa 1968 klabu hiyo changa ilitwaa ubingwa wa taifa, na bila shaka wako waliosema kwamba mganga amefufuka.

Tangu hapo historia ya klabu ilisimuliwa kwa kanuni za mighani hata na wale wasiozijua kanuni hizo. Mwaka 1976 Gor Mahia walimaliza ligi bila kushindwa hata mara moja, na hilo likasimuliwa kama kinga ya shujaa asiyepenywa na mkuki. Mwaka 1979 walifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, wakakutana na Canon ya Yaoundé, Kamerun. Walifungwa mabao 2 kwa 0 jijini Nairobi, kisha 6 kwa 0 ugenini. Ni kipigo cha mabao 8 bila jibu. Lakini mighani haikomei kwenye ushindi. Fumo Liyongo alikuwa na kitovu chake, na Luanda Magere alikuwa na kivuli chake. Shujaa asiye na mahali pa kujeruhiwa hana hadithi. Yaoundé ndipo kivuli cha Gor Mahia kilipochomwa mkuki, na bila ya jeraha hilo simulizi la mwaka 1987 lisingekuwa na uzito wowote.

Jina linapopigwa marufuku

Kabla ya kufika mwaka 1987 ni lazima kupitia mwaka 1980, kwa kuwa hapo ndipo historia hii inapomgusa mwanafunzi wa fasihi kwa namna ya pekee. Mwaka huo, chini ya utawala wa Rais Daniel arap Moi, iliamuliwa kwamba vyama vya kikabila vivunjwe. GEMA ilivunjwa, Luo Union ikavunjwa, na New Akamba Union, chama cha Wakamba kilichoongozwa na Mulu Mutisya, kikafuata mkondo huo. Wimbi hilo halikuziacha klabu za mpira. Majina yenye harufu ya kabila yalitakiwa yabadilishwe.

Yatazamwe majina yaliyozaliwa wakati huo. Abaluhya iligeuka AFC Leopards, na ilielezwa kwamba herufi hizo tatu zinasimamia All Footballers Confederation. Lakini A, F na C zilikuwa pia herufi za Abaluhya Football Club. Klabu ya Luo Union, ambayo jina lake lilikuwa limefufuliwa na ikatwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, iligeuka Reunion, na asiye kipofu aliliona neno Union likiwa limeketi humo kwa utulivu. Gor Mahia kwa muda walijiita Gulf Olympic Rangers. Ghuba gani, Olimpiki ipi? Msomaji achukue herufi za mwanzo za maneno hayo matatu azisome kwa pamoja.

Ni nani atakayesema hili si fumbo la kifasihi? Washairi wa Kiswahili wamesifiwa, na kwa haki, kwa kuuficha ukweli ndani ya taswira ya mnyama au chombo cha baharini ili mtawala asome juu juu apite. Viongozi wa klabu za kandanda, watu ambao pengine hawakuwahi kuhudhuria mhadhara hata mmoja wa fasihi, walifanya jambo hilo hilo kwa klabu tatu kwa wakati mmoja. Mashabiki walilifumbua fumbo hilo papo hapo. Jina la Gulf Olympic Rangers halikudumu, na jina la mganga likarudi mahali pake. Wapo wanaotafuta mifano ya fasihi ya ukinzani katika tamthilia na riwaya pekee, ilhali mfano huu ulipakwa rangi kwenye mabango ya viwanjani.

Mwaka wa kombe

Mwaka 1987 Kenya iliandaa Michezo ya Afrika katika uwanja mpya wa Kasarani. Miezi michache baadaye, uwanja huo huo ulishuhudia jambo ambalo halijarudiwa. Gor Mahia walifika tena fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, safari hii dhidi ya Espérance ya Tunis. Mkondo wa kwanza nchini Tunisia ulikwisha kwa sare ya 2 kwa 2. Tarehe 5 Desemba 1987 mkondo wa pili ulichezwa Kasarani na kuishia sare ya 1 kwa 1. Kwa kanuni ya mabao ya ugenini, kombe likabaki Nairobi. Kwa upande wa kandanda ya wanaume, Gor Mahia ni klabu ya kwanza na ya pekee ya Kenya kuwahi kutwaa kombe la bara.

Yaliyomo katika mwaka huo ni mengi, ila kwa msomi wa Kiswahili lililo tajiri zaidi ni majina. Nahodha Austin Oduor aliitwa Makamu. Sammy Onyango aliitwa Jogoo. George Onyango aliitwa Fundi. Tobias Ochola aliitwa Jua Kali. Wako walioitwa kwa maneno ya Kijaluo, kama Peter Dawo aliyejulikana kwa jina la Omuga, na wako walioazima majina ya mbali, kama Abbas Magongo aliyepewa jina la klabu ya Misri, Zamalek. Lakini yanayovuta macho ni haya ya Kiswahili. Makamu, Jogoo, Fundi na Jua Kali ni lakabu walizopewa wachezaji wa klabu iliyozaliwa kwa nia ya kuwaunganisha Wajaluo. Kama timu ingalikuwa ya kabila moja na ya lugha moja, ni nani aliyekuwa akiwabatiza kwa lugha hii nyingine?

Lakabu ni utanzu unaofundishwa katika shule za upili nchini Kenya. Wanafunzi hukariri fasili yake: jina la kupanga ambalo mtu hujipa au hupewa kutokana na sifa, tabia au matendo yake. Mifano wanayopewa darasani ni ile ile, miaka nenda miaka rudi. Jina la Jua Kali lina historia nzima ndani yake, kwa maana jua kali ni jina la mafundi wa Kenya wafanyao kazi bila paa, wanaotengeneza kitu kutokana na kisicho kitu. Mchezaji aliyepewa jina hilo alikuwa amefafanuliwa kwa maneno mawili kuliko ambavyo mwandishi wa magazeti angeweza kumfafanua kwa aya nzima. Mfano huu haujaingia katika vitabu vya kiada, na ajabu ni kwamba wanaoviandika vitabu hivyo baadhi yao waliushangilia mpira huo.

Kuna jina jingine la Kiswahili lililo kubwa kuliko hayo yote. Mchuano wa Gor Mahia na AFC Leopards unaitwa debi ya mashemeji. Wajaluo na Waluhya ni majirani wa tangu zamani, wameoana na kuzaliana. Walipopambana uwanjani hawakuitana maadui. Waliitana mashemeji, na kwa neno hilo moja waliuhamisha uhasama kutoka uwanja wa vita na kuuingiza katika uwanja wa utani. Utani una sheria zake. Mtani hukutukana na hukuzika. Si kwamba mawe hayakuwahi kurushwa katika debi hiyo. Yalirushwa, na watu waliumia, na hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini neno mashemeji limekuwa likisimama katikati kama mzee wa kijiji, likiwakumbusha wote kwamba baada ya mchuano kuna arusi ya kuhudhuria. Neno hilo halimo katika Kijaluo wala katika Kiluhya. Ni la Kiswahili, lugha ya mahali pa kukutania.

Baba na mwana

Sasa arudi msomaji Kathonzweni, kwa kuwa swali la mwanzo lingali linasubiri. Mkulima wa ndengu aliipata Gor Mahia kwa redio, katika matangazo ya Kiswahili ya Sauti ya Kenya, shirika lililorejeshewa jina la KBC mwaka 1989. Redio moja ya betri iliwekwa juu ya kaunta ya duka, na waliokuwa nje walisogea. Mtangazaji alikuwa na kazi ngumu kuliko ya mwandishi wa riwaya. Alipaswa kumjengea msikilizaji uwanja asioujua, kuwavisha wachezaji jezi za rangi asizoziona, na kuusogeza mpira kwa kasi ile ile ya mpira wenyewe, pasipo nafasi ya kufuta neno. Huo ni ulumbi wa daraja ya juu.

Athari ya ulumbi huo ingali katika lugha. Wakenya husema "Kadenge na mpira" kumwelezea mtu anayeshikilia jambo peke yake huku wengine wakitazama. Joe Kadenge wa Abaluhya United alifariki mwaka 2019. Wengi wanaoutumia msemo huo hawakuzaliwa alipokuwa akicheza, na hawajui kwamba unatokana na redio, na sauti ya mtangazaji aliyekuwa hana budi kulirudia jina lile lile kwa kuwa mpira haukuwa ukitoka mguuni pa mtu yule.

Miongoni mwa sauti zilizoijenga sanaa hii, ya Leonard Mambo Mbotela ina mahali pake. Alizaliwa Mombasa mwaka 1940, akautangaza mpira kwa miongo mingi na kukiendesha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" tangu mwaka 1966. Alifariki tarehe 7 Februari 2025. Alikuwa mwana wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 ambacho hakuna mwanafunzi wa nathari ya Kiswahili anayeweza kukipita bila kukitaja.

Hapa ndipo penye kiini cha lalamiko la makala haya. Baba yumo katika mtaala, mwana hayumo. Kazi ya baba imehakikiwa, imebishaniwa kama ni riwaya au ni historia, imewekwa katika orodha za usomaji. Kazi ya mwana, iliyosikika na watu wengi mno kuliko waliowahi kukishika kitabu cha baba, huchukuliwa kuwa ni makelele ya Jumamosi. Je, tofauti kati yao ni ubora wa lugha? Au ni kwamba mmoja aliandika na mwingine alisema? Kama ni hilo la pili, basi vyuo vinavyojivunia kozi za fasihi simulizi vinahubiri maji na kunywa mvinyo.

Pingamizi

Litasemwa kwanza kwamba kandanda ni mchezo, na kwamba mwanazuoni ana mambo mazito ya kushughulikia. Jibu ni fupi. Ngoma ni mchezo, vitendawili ni mchezo, na majigambo yalikuwa mchezo wa watu waliokuwa na kazi nyingine za kufanya. Hakuna utanzu wa fasihi simulizi uliozaliwa maktabani.

Litasemwa pili, na kwa uzito zaidi, kwamba kumsifu Gor Mahia ni kuuchochea ukabila katika nchi iliyomwaga damu baada ya uchaguzi wa mwaka 2007. Hofu hii inastahili heshima. Lakini yaliyotokea mwaka 1980 ni ushahidi kwamba kulifuta jina si kuiondoa jamii. Jina hujificha katika herufi za mwanzo na kungojea. Ni kweli kwamba yako majina yanayostahili kuachwa. Mwaka 2020 timu ya kandanda ya Kimarekani ya jijini Washington iliacha jina ambalo kwa miongo mingi lilikuwa tusi kwa Wenyeji wa Amerika, na mwaka 2022 ikajiita Commanders. Tofauti iko wazi. Jina lile waliokuwa wakitukanwa hawakulichagua wao. Jina la Gor Mahia ni la watu kujiita wenyewe, na milango yake imekuwa wazi kiasi cha mtu wa Kathonzweni kuingia bila kubisha.

Litasemwa tatu kwamba fasihi hii ni ya Kijaluo, hivyo ishughulikiwe na wenye lugha yao. Sehemu yake ni ya Kijaluo kweli, na wenyewe wana haki ya kuihifadhi. Lakini lakabu, utani wa mashemeji na utangazaji wa redio ni mali ya Kiswahili. Tena ni mali adimu, maana vinaonyesha jinsi Kiswahili kinavyoweza kuipokea mighani ya jamii moja na kuifanya ya taifa bila kuinyang'anya jamii hiyo.

Mji mdogo uliokataa kusahau

Kijana wa Kathonzweni wa leo hana haja ya kusogelea kaunta ya duka. Anayo simu, na mchezo wa Uingereza humfikia mkononi. Anajua ni mwaka upi Arsenal walimaliza ligi bila kushindwa. Hajui kwamba Gor Mahia walifanya hivyo mwaka 1976, wakarudia mwaka 2015. Si kosa lake. Historia ya Arsenal imeandikwa, inauzwa na inatangazwa. Ya Gor Mahia iko katika vichwa vya wazee, na vichwa hivyo vinapungua. Klabu yenyewe ilikaa miaka 18 bila ubingwa, kuanzia 1995 hadi 2013, na kizazi kizima kilikua katika ukame huo kikitafuta malisho kwingine.

Mji mdogo si kisingizio cha kusahau. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, uko mji unaoitwa Green Bay, wenye wakazi wapatao laki moja tu. Mji huo una timu katika ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kuubeba mpira mikononi na kuangushana, ambamo timu nyingine zote ni za majiji makubwa. Timu hiyo, Green Bay Packers, ilianzishwa mwaka 1919 na Curly Lambeau na George Whitney Calhoun, na jina lake lilitokana na kampuni ya kufungasha nyama iliyotoa fedha za sare. Kampuni ilikufa zamani. Jina halikufa, kwa kuwa tangu mwaka 1923 timu ilipoishiwa, wananchi waliuziwa hisa zisizolipa gawio lolote, na leo wenye hisa ni zaidi ya laki tano. Mwaka 1967 likafunguliwa jumba la kuhifadhi kumbukumbu za wachezaji. Mkamba akisikia habari hizo hahitaji mfasiri. Huo ni mwethya. Watu walichanga ili kitu chao kisiondoke, kisha wakachanga tena ili habari zake zisipotee.

Yapasayo kutendwa

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havina fedha za kujenga jumba, lakini vina wanachama wanaorudi nyumbani kila likizo, kuanzia Ndhiwa hadi Kathonzweni. Kila mmoja ana simu inayonasa sauti. Inatosha kuanzia hapo. Wazee waliosikiliza fainali ya 1987 waulizwe walisikia nini, wapi, na kwa maneno gani. Waamuzi wastaafu, wauza tiketi na wapiga ngoma wa majukwaani waulizwe. Matangazo ya zamani yanayopatikana yanukuliwe neno kwa neno, kama tenzi zilivyonukuliwa kutoka vinywani mwa wazee wa Lamu na Pate. Tasnifu za uzamili, ambazo mara nyingi huzunguka riwaya zile zile tano, zipewe ruhusa ya kutoka nje ya maktaba.

Wala kazi hiyo isikomee kwa klabu kubwa. Makueni ina timu za masoko na za vijiji ambazo viwanja vyake vilifyekwa na vijana wenyewe. Zina majina, na kila jina lina aliyelitoa na sababu ya kulitoa. Zina wachezaji wenye lakabu za Kikamba na za Kiswahili. Hakuna gazeti litakaloandika habari zao. Zikiachwa, zitatoweka kama mto wa msimu baada ya mvua, na tofauti ni kwamba mto hurudi.

James Mbotela aliishika kalamu wakati ambapo wazee waliokombolewa kutoka utumwani walikuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine, akayaandika waliyoyasimulia. Hakungoja mtu wa mbali aje kumwambia kwamba habari hizo zina thamani. Leo kitabu chake kinasomwa kwa sababu hiyo tu: aliandika mapema. Mwanawe amezikwa, Kadenge amezikwa, na wale waliokusanyika mbele ya duka la Kathonzweni jioni ya tarehe 5 Desemba 1987 sasa wanatembea kwa mikongojo. Wangali wakikumbuka. Hawajaulizwa.